Yaja leo, yaondoka leo: kumfundisha mtoto wa Tanga kupwa na kujaa kwa maji

Mtoto aliyekulia Sahare, Mwambani au Chongoleani hahitaji kuambiwa kwamba bahari hupwa na kujaa. Anazijua siku ambazo ngalawa hulala ubavu juu ya mchanga, anajua lini kina mama watashuka mwambani na vikapu vyao, na anajua kwamba pale alipoogelea juzi, leo saa ileile maji yanamfika magotini. Asichokijua ni sababu. Kitabu cha darasani humpa mchoro mmoja: dunia katikati, mwezi pembeni, maji yamevimba pande mbili, na chini yake maneno "mwezi huvuta maji ya bahari". Maneno hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. Yakichukuliwa yalivyo, bahari ingejaa mara moja tu kwa siku, upande ule unaoutazama mwezi. Tanga hujaa mara mbili. Mwanafunzi anayeuliza "na huo uvimbe wa pili umetoka wapi?" ndiye aliyeusoma mchoro vizuri kuliko wenzake, na mara nyingi ndiye asiyejibiwa.

Maelezo haya ni ya mwalimu, mzazi au mlezi wa klabu ya mazingira anayetaka kumjibu mtoto huyo. Zana zote ni za kufaragua: chungwa, komwe za bao, tochi, kamba, beseni, chupa tupu, kipande cha bomba la plastiki na kalenda ya Hijria iliyotundikwa ukutani. Pesa kidogo zinatosha. Kinachohitajika kwa wingi ni subira, kwa sababu bahari haiharakishwi.

Si mvuto, ni tofauti ya mvuto

Mvuto hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Mwezi uko wastani wa kilomita 384,400 kutoka kitovu cha dunia, na dunia ina kipenyo cha kilomita 12,742. Upande wa dunia unaoutazama mwezi, basi, uko karibu nao kuliko kitovu kwa kilomita 6,371, na upande wa nyuma uko mbali zaidi kwa kiasi hichohicho. Upande wa karibu huvutwa kwa nguvu kuliko kitovu, na kitovu huvutwa kwa nguvu kuliko upande wa nyuma. Hapo ndipo penye jibu lote, lakini mtoto hatalipata kwa kusikia. Alipate kwa miguu.

Chora mstari uwanjani kwa majivu au chokaa, uweke alama kila sentimita 50. Simamisha watoto watatu juu ya mstari huo, mita 2 kati ya mmoja na mwingine, wote wakimtazama mtoto wa nne aliye mita 10 mbele yao. Wa nne ni mwezi. Wa kwanza kati ya wale watatu ni maji ya upande wa karibu, wa pili ni kitovu cha dunia, wa tatu ni maji ya upande wa nyuma. Ukipiga kofi, wa kwanza apige hatua 4 kuelekea mwezi, wa pili hatua 3, wa tatu hatua 2, kila hatua ikiishia kwenye alama. Sasa pimeni. Kutoka wa pili hadi wa kwanza ni mita 2.5. Kutoka wa pili hadi wa tatu ni mita 2.5 vilevile. Muulize yule wa katikati: nani kakusogelea? Hakuna. Wote wawili wamemwacha, mmoja mbele, mwingine nyuma, ingawa hakuna hata mmoja aliyerudi kinyumenyume. Uvimbe wa pili ni huo: maji yaliyobaki nyuma kwa kuvutwa kidogo kuliko dunia yenyewe.

Mchezo huu huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni hatua zisizolingana, na ndiyo maana ya zile alama. Ya pili ni kubwa zaidi: mtoto wa tatu hurudi nyuma badala ya kwenda mbele, kwa kuwa ameona kitabuni maji yamevimba upande ule. Msimamishe hapohapo na umuulize ni nani anayemvuta kwenda huko. Atatafuta, hatamwona mtu. Kosa hilo likitokea mbele ya darasa lina faida kuliko mchezo ungeenda sawa.

Swali litakalofuata ni kwa nini dunia isiufikie mwezi ikiwa kweli inauendea. Jibu ni kwamba dunia na mwezi huzungukana, na mwendo wa kuzunguka huipitisha dunia kando kila inapotaka kuangukia mwezini. Kwa darasa la tano inatosha kusema hivyo.

Kuna jambo lingine ambalo mchoro wa kitabuni hulificha. Maji hayanyanyuliwi juu kama ndoo inayotolewa kisimani. Tofauti ya mvuto wa mwezi tunayoizungumzia ni kama sehemu moja tu kwa milioni 9 ya uzito wa maji hayo, na nguvu ndogo hivyo hainyanyui kitu. Inachoweza ni kuyasukuma maji kwa ubavu, kidogo kidogo, juu ya maelfu ya kilomita za bahari, mpaka yarundikane. Ndiyo sababu inahitajika bahari. Wahenga walisema maji ya kifuu bahari ya chungu, lakini kwa mwezi kifuu hakina mbele wala nyuma: kati ya ukingo na ukingo tofauti ya mvuto ni kama haipo. Ndoo hali kadhalika, kisima hali kadhalika, na hata Ziwa Victoria hubadilika kwa kiasi kidogo mno ambacho upepo wa kawaida hukifunika. Hapo mtoto apate pia kinga dhidi ya maneno anayoyasikia mitaani kwamba mwezi mpevu huivuta damu mwilini kwa kuwa mwili ni maji. Mwili ni mfupi kuliko kisima.

Chungwa la Muheza, komwe ya bao, na jua lililo mbali

Chukua chungwa la kipenyo cha karibu sentimita 8. Hilo ni dunia. Mwezi, kwa kipimo hicho, una kipenyo cha sentimita 2 na kidogo, yaani komwe moja kubwa ya bao. Kabla ya kusema chochote, mwambie kila mtoto aiweke komwe mahali anapodhani mwezi upo. Karibu wote wataiweka shubiri moja au mbili kutoka kwenye chungwa, kwa sababu ndivyo michoro inavyoonyesha. Mahali pake ni mita 2.4, yaani machungwa 30 yaliyopangwa kwenye mstari. Jua, kwa kipimo hicho, lingekuwa mpira wa karibu mita 9, mkubwa kuliko darasa lenyewe, na lingewekwa karibu mita 940 kutoka hapo.

Zana hii ndogo ndiyo inayofungua fundo la jua. Wanafunzi wa sekondari hujua kwamba jua huivuta dunia kwa nguvu kubwa kuliko mwezi, hivyo hushangaa kwa nini bahari iufuate mwezi. Waangalie chungwa: upana wake ni sehemu ya 30 ya umbali wa komwe, lakini ni sehemu ya karibu 11,800 ya umbali wa jua. Kwa jua, mbele na nyuma ya chungwa ni karibu mahali pamoja. Mvuto ni mkubwa, tofauti ni ndogo. Wanaojua vipeo wafanye hesabu yenyewe, kwani tofauti ya mvuto hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Jua lina uzito wa mwezi mara milioni 27, na liko mbali kuliko mwezi mara 390. Kipeo cha tatu cha 390 ni kama milioni 59. Gawa 27 kwa 59, unapata 0.46. Kazi ya jua juu ya bahari, kwa hiyo, haifiki hata nusu ya kazi ya mwezi.

Na hapo bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana, na maji mafu, yaani siku yanapojaa na kupwa kidogo, hujieleza vyenyewe. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi huwa kwenye mstari mmoja, na kazi zao hujumlishwa: tukiipa kazi ya mwezi 100, ya jua ni 46, na 100 na 46 ni 146. Hilo ni bamvua. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta kwa pembe mraba na mwezi, nalo hupunguza: 100 kutoa 46 ni 54. Hayo ni maji mafu. 146 ni karibu mara tatu ya 54. Linganisha na ufukwe wa Tanga: wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na wakati wa maji mafu hushuka hadi karibu mita 1. Hesabu ya ubaoni na alama ya maji kwenye nguzo za gati zinasema jambo moja, na mwanafunzi aone kwa macho yake kwamba zinasema jambo moja.

Ili kuonyesha mwezi nusu na mwezi mpevu, chomeka ndimu kwenye kijiti, funga madirisha, weka tochi mita 3 mbele, kisha mtoto ashike kijiti mkono ukiwa umenyooka na azunguke polepole mahali alipo, kichwa chake kikiwa dunia. Aishike ndimu juu kidogo ya utosi. Akiishusha usawa wa macho, kivuli cha kichwa chake kitaifunika pale ambapo ingekuwa mwezi mpevu, na darasa zima litaondoka likiamini kwamba mwezi hupungua kwa sababu ya kivuli cha dunia. Hilo ni kosa ambalo likishaingia ni gumu kulitoa. Kivuli cha dunia ni habari ya kupatwa kwa mwezi, jambo tofauti kabisa.

Bamvua nazo hazilingani. Mwezi hausimami umbali uleule: hukaribia hadi karibu kilomita 363,000 na husogea hadi karibu kilomita 405,000, na kwa kuwa tunahesabu kwa kipeo cha tatu, nguvu yake juu ya maji hutofautiana kwa karibu asilimia 40 kati ya hali hizo mbili. Bamvua likiangukia mwezi ulio karibu, na hasa katika Machi au Septemba jua linapokuwa juu ya ikweta, maji hupanda hadi mahali ambapo kwa miezi hayajafika.

Mwezi uko utosini, mbona maji hayajajaa?

Mwanafunzi makini atakwenda ufukweni usiku wa mwezi mpevu na kurudi na malalamiko. Mwezi ulikuwa utosini karibu saa 6 na nusu usiku, na maji yalikuwa bado yanapanda. Yalikuja kujaa karibu saa 10 alfajiri au baada yake. Ana haki ya kulalamika, kwa kuwa ule mchoro wa uvimbe mbili unafaa dunia iliyofunikwa maji matupu. Dunia yetu ina mabara. Afrika imeikingia njia Bahari ya Hindi, hivyo uvimbe hauwezi kuufuata mwezi mbio. Badala yake maji huyumba ndani ya bonde la bahari kama yanavyoyumba kwenye chombo, mwezi ukiwa mtikisaji, na kila pwani hupata kilele chake kwa wakati wake. Katika pwani yetu ucheleweshaji huo ni kama saa 4.

Hili huonyeshwa kwa beseni la mstatili lenye urefu wa sentimita 60. Tia maji kina cha sentimita 5. Mtoto alinyanyue upande mmoja kidogo sana na kulishusha, tena na tena, kwa mwendo wa mara moja kila sekunde 1.7 hivi. Baada ya mara tano au sita maji yatakuwa yakipanda sana kwenye ncha za beseni, huku katikati yakitulia. Kisha atikise haraka zaidi, au polepole zaidi: maji yatafanya fujo lakini hayatapanda vile. Kila bonde la maji lina mwendo wake, na likitikiswa kwa mwendo unaokaribia wake, hupanda sana. Ndiyo maana ghuba ya Fundy kule Kanada hupata tofauti inayofika mita 16, wakati sehemu kubwa ya Bahari ya Mediterania haifiki hata nusu mita, ingawa mwezi ni mmoja. Watoto hupenda kutikisa kwa nguvu, wakataze. Kinachofunzwa hapa ni mwendo, si nguvu.

Kalenda ya Hijria ni jedwali la maji

Maji hayajai saa ileile kila siku. Wakati dunia inajizungusha mara moja, mwezi nao umesogea mbele, hivyo Tanga inahitaji kama dakika 50 zaidi ili kuufikia tena. Mpange mtoto mmoja asimame kama dunia na mwingine atembee kwenye duara la mawe 30, jiwe moja kwa kila mzunguko wa mwenzake. "Dunia" atagundua mwenyewe kwamba akimaliza mzunguko mwezi haupo tena mbele ya pua yake. Kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25. Kutoka kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika 12 hivi.

Nyumba nyingi za Tanga zina kalenda ya Hijria, na ajabu ni kwamba darasani haitumiki, wakati ndiyo zana bora kuliko zote kwa somo hili. Tarehe zake zinafuata mwezi, kwa hiyo zinafuata maji. Bamvua huwa katika tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17. Maji mafu huwa katika tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24. Bamvua huchelewa siku moja au mbili baada ya mwezi kuungana na jua, na mwezi nao huonekana siku moja au mbili baada ya kuungana huko, ndiyo maana tarehe zinaoana vizuri hivyo.

Kwa saa, kanuni ya kukadiria ni hii: tarehe 1 maji hujaa karibu saa 10 na nusu, jioni na alfajiri. Kwa kila siku inayofuata ongeza dakika 50. Ukifika tarehe 16, ihesabu kama tarehe 1 na uanze upya. Mfano, tarehe 8: siku 7 mara dakika 50 ni dakika 350, yaani saa 5 na dakika 50, ukizijumlisha na saa 10 na nusu, zikipita 12 zikianza upya, unapata saa 4 na dakika 20. Maji yatajaa karibu na saa hiyo usiku, na kabla yake asubuhi karibu saa 4. Kupwa kutakuwa karibu saa 10 na robo. Kanuni hii hukosea kwa muda unaoweza kufika saa nzima, kwa kuwa dakika 50 ni wastani tu: siku za bamvua ongezeko huwa pungufu ya hapo, na siku za maji mafu hupita saa moja. Pia kalenda iliyochapishwa inaweza kupishana kwa siku moja na mwezi ulioonekana. Fuata mwezi ulioonekana. Kwa safari ya kuwapeleka watoto baharini usitegemee makadirio. Tazama jedwali la maji la bandari.

Angalia sasa jinsi bahari inavyomsaidia mwalimu wa Tanga. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa 10, kwa hiyo hupwa kabisa karibu saa 4 hadi saa 5 asubuhi, katikati ya vipindi vya shule, na mwamba wote uko wazi. Siku za maji mafu kupwa ni jioni, tena maji hayaondoki sana. Mwalimu anayepanga safari ya kuangalia viumbe wa mwambani kwa tarehe ya kizungu bila kutazama mwezi atawafikisha watoto 40 mbele ya maji yaliyojaa.

Kupima

Njia rahisi na salama kuliko zote ni kupima kutoka juu. Tafuta gati au daraja lisilosogea, chagua sehemu moja ya ukingo, uipake rangi. Teremsha kamba yenye uzito mwishoni mpaka uguse maji, kisha soma urefu wa kamba iliyoshuka. Kumbuka kwamba namba ikikua, maji yamepungua. Andika hivyo juu ya daftari kwa herufi kubwa, la sivyo nusu ya darasa itachora grafu iliyopinduka.

Kamba ya katani Tanga haikosekani, lakini hufupika ikilowa. Ukiipimia alama ikiwa kavu, vipimo vyote vitakuwa na kosa. Iloweke usiku kucha, ining'inize na uzito wake mpaka inyooke, ndipo ufunge vitambaa vya rangi kila sentimita 10 ikiwa bado mbichi. Kamba ya nailoni nayo hurefuka ikivutwa, hivyo uzito uwe uleule siku zote. Nusu kilo inatosha.

Mawimbi ndiyo adui wa kipimo. Uso wa maji ukipanda na kushuka sentimita 20, mtoto husoma namba anayoipenda. Dawa ni bomba la plastiki la inchi 3 lililofungwa wima kwenye nguzo, refu kiasi cha kuanzia chini ya maji ya kupwa hadi juu ya maji ya kujaa. Ziba mdomo wa chini, kisha toboa tundu moja la milimita 7 au 8 karibu na chini. Maji huingia polepole, hivyo ndani ya bomba mawimbi hayaonekani lakini kupwa na kujaa kunaonekana. Kipande cha boya chenye kijiti chepesi kikielea humo, kijiti hupanda na kushuka juu ya mdomo wa bomba mbele ya rula. Tundu likiwa kubwa, mawimbi hurudi. Likiwa dogo mno, bomba huchelewa nyuma ya bahari. Na baada ya wiki chache viumbe wenye magamba na mwani huliziba. Dalili yake ni grafu inayozidi kuwa bapa siku hadi siku wakati bamvua linakaribia. Kijiti cha kuzibulia kiwe sehemu ya vifaa.

Pima kila nusu saa kuanzia saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 12 na nusu jioni, kwa zamu za watoto wawili wawili na mtu mzima mmoja. Karibu siku zote utapata kujaa kumoja na kupwa kumoja. Kosa linaloharibu kazi nyingi kuliko mengine yote halihusu bahari hata kidogo. Ni saa. Simu inaonyesha 10:30, mtoto mmoja anaandika 10:30, mwenzake anaandika saa 4 na nusu, na zamu ya mchana inaandika 4:30. Wiki moja baadaye hakuna anayejua ipi ni ipi. Chora safu mbili, moja ya saa ya Kiswahili na moja ya saa 24 kama ilivyo kwenye majedwali, na zote zijazwe. Jedwali likitoka mtandaoni, hakikisha limeandikwa kwa saa za Afrika Mashariki. Mengine hutumia saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa saa 3. Tena msilinganishe kimo chenu na cha jedwali moja kwa moja, kwa kuwa kila kimoja kina sifuri yake. Linganisheni tofauti kati ya kujaa na kupwa.

Grafu ikishachorwa, wengi huunganisha kilele na bonde kwa mstari ulionyooka. Waambie wachore kila nukta, na watauona mviringo: maji huanza taratibu, hukimbia katikati, hutulia mwishoni. Mabaharia huligawa pengo hilo kwa sehemu 12: saa ya kwanza sehemu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kwa bamvua la mita 3 hizo ni sentimita 25, 50, 75, 75, 50 na 25. Saa ya tatu na ya nne maji hupanda zaidi ya sentimita 1 kila dakika. Juu ya fungu la mchanga lililo bapa, hiyo ina maana kwamba maji huwazunguka watu kwa nyuma kabla hawajayaona mbele, na saa mbili za mwanzo ndizo zinazodanganya, kwa sababu zilikuwa pole. Watoto washuke mwambani saa moja na nusu kabla ya kupwa, na maji yakigeuka wageuke nayo. Wavae raba kwa ajili ya miiba ya urumba, na wasiokote konokono wenye umbo la pia, kwani baadhi yao huchoma kwa sumu.

Usiku, chupa zifanye zamu

Maji ya usiku hayapimwi na watoto, lakini yanaweza kuacha alama. Chukua chupa ndogo za maji, zifunge vifuniko ili mvua isiingie, toboa matundu mawili ya sentimita 1 yanayotazamana chini kidogo ya shingo: moja lipitishe maji, jingine litoe hewa. Ukitoboa moja tu, hewa hukwama na chupa hubaki tupu ndani ya bahari. Zifunge kwenye mti mmoja mrefu uliosimamishwa horini, kila moja sentimita 20 juu ya nyingine, na uzipe namba. Asubuhi, chupa ya juu kabisa iliyojaa ndiyo kimo cha maji ya usiku. Chupa iliyo na maji kidogo tu ilirushiwa na mawimbi, usiihesabu. Baada ya kusoma, zimwageni zote.

Miti ya chupa ya namna hii ikisimamishwa minne au mitano kwenye mstari mmoja, kutoka ukingo wa bahari kupenya ndani ya mikoko, somo hubadilika kuwa la mimea. Mbele kabisa, inakozama kila siku, watoto watakuta mlilana na mizizi yake inayochomoza matopeni ikitafuta hewa. Nyuma yake mkoko wenye mizizi ya miguu mingi, kisha mkandaa. Mchu huonekana mbele na pia nyuma kabisa, kwenye ardhi yenye chumvi kali ambayo maji huifikia siku za bamvua pekee, sehemu zilezile watu wanazochagua kuchimba mabwawa ya chumvi. Kila mti wa chupa uandikiwe siku ambazo chupa yake ya chini kabisa imejaa, kwa mwezi mwandamo mzima, kuanzia tarehe 1 hadi mwezi mwingine uandame. Ule wa mbele utakuwa na alama kila siku. Ule wa kwenye mchu wa nyuma utakuwa na alama chache, nazo zitakuwa zimekusanyika katika mafungu mawili, na mtoto atakayefungua kalenda ya ukutani atazikuta zimeangukia tarehe zilezile za bamvua alizozihesabu darasani.